Mtembeze Mpaka Mitihani Iishe

Chuo Kikuu, Bweni la Tatu
9 Februari 1997

Mdogo wangu Dufie,

Nimefika salama. Basi lilitukalisha njiani nusu siku karibu na Nkawkaw, lakini nimefika, kitanda nimepata, na ninalala chumba kimoja na Selorm yule yule wa zamani. Aliponiona mlangoni alisema, "Mzee wa tangi karudi!" Kisha akaona sikucheka, akanipokea begi. Ndivyo alivyo, mdomo mbele, akili nyuma. Lakini begi alilipokea.

Kabla ya kuruhusiwa kuingia darasani nilipelekwa zahanati ya chuo kwa Sista Esaaba, muuguzi wa Kifante kutoka pwani, mwenye sauti ya mchuuzi wa samaki. Nilidhani atanipa vidonge. Akaniuliza, "Ile bustani ya miti nyuma ya maktaba unaijua?"

"Naijua."

"Umewahi kuingia?"

Dufie, miaka miwili nimepita kando yake nikikimbilia vipindi, sijawahi kuweka mguu ndani. Akasema basi kila asubuhi kabla ya chai niende nikazunguke mle, bila kitabu, bila kuhesabu chochote, kisha nipite zahanati aone uso wangu.

"Nihesabu nini mle?" nikamwuliza.

"Wewe si mtu wa hisabati? Nawajua mnavyougua."

Basi ndiyo dawa yangu, kuzurura kama mbuzi aliyekata kamba. Nimekwenda siku kadhaa. Kuna mianzi inayolia kama kitanda kibovu, kuna wanafunzi waliojificha na daftari zao, kuna wawili wawili wanaojifanya wanasoma. Nimetembea, nimerudi, kichwa ni kile kile.

Nina jambo nataka unijibu kweli. Mama hakunisindikiza kituoni. Najua alisema kichwa kinamuuma. Lakini tangu Mjomba Badu aniteremshe kutoka juu ya tangi la maji la chuo mwaka jana, akanileta Berekum nimeshikwa mikono kama mwizi wa kuku, mama hajanitazama usoni mbele ya watu. Wenzake sokoni walisema mwana wa Pokuaa kaingiwa na wazimu, na yeye pale na sufuria zake anasikia. Mwulize kama bado ananionea haya. Mwulize kwa upole.

Kaka yako,
Ofosu


Berekum
20 Februari 1997

Kaka Ofosu,

Nilimsomea mama barua yako akiwa anamenya ndizi. Nilipofika kwenye kutembea, akaweka kisu chini. "Eti huyo sista analipwa mshahara na serikali kumwambia mwanangu akatembee? Angeniuliza mimi, ningemtuma shamba akatembee huku anapalilia!"

Nikacheka, naye akacheka, kisha akashika kichwa. Bado kinamsumbua. Mjomba amesema atampeleka hospitali ya Sunyani wakampime.

Kuhusu lile swali lako amesema mengi, akanikataza kuyaandika. Unamjua. Alichoniruhusu ni hiki: usiende kutembea na tumbo tupu, kwa sababu miti ya ugenini inamtambua mtu mwenye njaa. Usiniulize maana yake. Anakutumia chupa ya shito, ile pilipili yake ya kukaanga, na nimefunga kofia yake kwa nailoni, usije ukapakaa pilipili vitabu vyote kama safari ile.

Mimi nipo, nashona. Bibi mwenye duka kaniruhusu sasa kukata kitambaa, na jana nimeharibu mkono wa gauni la bibi harusi. Niombee.

Mdogo wako,
Dufie


Chuo Kikuu
16 Machi 1997

Dufie,

Sijui nianzeje. Leo asubuhi nimecheka peke yangu bustanini. Kindi aliiba mkate wa msichana aliyekuwa anasoma kwa macho yaliyofumbwa, yule msichana akafumbua macho, akatazama mkono wake mtupu, akanitazama mimi. Nikamwonyesha mti. Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Haikuja kwa mkupuo. Wiki za kwanza nilikuwa natembea na kichwa kilichojaa kelele, naona miguu yangu tu. Halafu siku moja mvua ilikuwa imenyesha, nikasikia harufu ya majani yaliyooza, nikagundua kwamba nasikia harufu. Mwaka mzima sikuwa nikisikia harufu ya kitu, hata mchuzi wa mama. Niliogopa kuwaambia. Sasa nalala. Nikisoma ukurasa, unabaki. Kelele zipo, lakini zimesogea, kama redio ya jirani.

Selorm alinicheka, "Mganga wako kakwambia uzunguke mti gani mara saba?" Sasa anakuja naye. Analalamika njia nzima kuhusu umande na viatu vyake, lakini anakuja. Na yule msichana wa mkate anaitwa Nhyira, yuko mwaka wa kwanza, naye Sista amemwandikia dawa ile ile. Haongei sana. Tunatembea tu, na nashangaa jinsi watu watatu wasiosema kitu wanavyoweza kuwa kundi.

Mwambie mama mitihani ikiisha mwezi wa sita nataka aje aione hii bustani. Nitamtembeza mwenyewe, polepole. Kuna mvule ambao tukishikana mikono sote watatu hatuumalizi.

Sunyani wamesema nini kuhusu kichwa chake?

Ofosu


Berekum
11 Aprili 1997

Kwa Sista Esaaba, Zahanati ya Chuo

Shikamoo Sista,

Hunijui. Mimi ni Dufie, mdogo wake Ofosu. Nakuandikia kwa siri, na nakuomba barua hii ukiisoma uifiche.

Mama yetu amefariki. Ilikuwa tarehe nne, hospitalini Sunyani. Walisema ni shinikizo la damu, mshipa umepasuka kichwani. Asubuhi nilimpa uji akasema hauna sukari. Mchana alikuwa hanijui.

Mwili uko mochari. Ukoo ulikaa, na Mjomba Badu, ambaye ndiye mkubwa wetu upande wa mama, ameamua mazishi yasubiri hadi Julai, na Ofosu asiambiwe mpaka mitihani iishe. Nililia, nikasema ana haki. Mjomba hakunikemea. Alisema, "Wewe hukuwapo. Mimi ndiye niliyepanda lile tangi. Nilimwomba kutoka asubuhi mpaka jua kali, naye ananitazama kama hanijui. Sitaki kupanda tena." Kisha akasema, "Huyo muuguzi amtembeze tu mpaka mitihani iishe. Kama kutembea kunamshikilia, kumshikilie."

Mji mzima umeonywa. Hata wenye basi wameonywa.

Sista, jambo linaloniuma ni hili. Ofosu aliuliza kama mama anamwonea haya kwa sababu hakumsindikiza kituoni. Mama aliniambia, "Sikwenda kwa sababu ningelia, na mama akilia kituoni anamtia mwana nuksi ya safari. Lakini usimwandikie hivyo, ataniona dhaifu." Nikatii. Sasa nimebaki nalo peke yangu.

Nifanye nini? Wewe unamwona uso kila siku.

Wako,
Dufie


Zahanati ya Chuo
21 Aprili 1997

Binti yangu Dufie,

Marahaba, na pole sana. Nimeisoma barua yako mlango ukiwa umefungwa.

Nitakuambia ninavyofikiri. Aambiwe. Aambiwe na mtu wa damu yake, akiwa ameketi, na mimi niwe karibu. Sasa hivi ana nguvu kuliko siku yoyote tangu aje, na nguvu hizo si za kuwekwa akiba kwa ajili ya mitihani peke yake.

Lakini mimi si ukoo wenu. Nikimwambia bila idhini ya mjomba wenu nimevunja miiko ya kazi yangu na ya kwenu pia. Kwa hiyo kila asubuhi anapita dirishani kwangu, anasema, "Sista, leo nimeona ndege mnana wanajenga," nami nasema, "Vizuri, mwanangu."

Na usiweke matumaini makubwa mno kwenye kutembea. Nimewapeleka vijana wengi katika bustani ile. Wengine wamesimama tena, wengine wamerudi kwao na mabegi yao, nami sijaijua tofauti yao. Miti humpa mtu pumzi. Anachokwenda kukipumulia ni kitu kingine.

Zungumza tena na mjomba.

Esaaba


Chuo Kikuu
4 Mei 1997

Mama,

Nakuandikia wewe mwenyewe, Dufie akusomee bila kuruka neno.

Tangu Machi nimetuma barua mbili, sijapata hata salamu yako. Dufie ananiandikia habari za vitambaa na mvua, jina lako linapita mbio kama mtu anayevuka barabara. Juzi nilikutana na Yeboah, dereva wa Berekum, kwenye kituo cha mabasi. Nilimwuliza, "Mama yangu mzima?" Akasema, "Injini imechemka, ngoja nikatafute maji," akaenda, hakurudi. Watu wa kwetu wananionea haya hata ugenini.

Mama, mimi sikupanda lile tangi ili nikuaibishe. Nilikuwa nimechoka, na kule juu kulikuwa kimya. Nilitaka tu kimya. Sikujua jinsi ya kukuambia, nawe hukuniuliza. Tulikaa nyumba moja mwaka mzima ukinipikia, na hukuniuliza.

Sasa ninaupata ule ukimya nikiwa nimesimama ardhini. Nilidhani utafurahi. Kila asubuhi ninapozunguka nakusimulia wewe ninachokiona, kimoyomoyo, huyu mnana kafanya hivi, yule kindi kafanya vile. Nakusimulia kuliko ninavyomsimulia mtu yeyote.

Sema neno moja tu. Hata matusi yatanitosha.

Mwanao,
Ofosu


Berekum
14 Mei 1997

Kaka,

Barua imefika. Mama hawezi kuandikisha majibu kwa sasa. Hajakasirika. Naapa hajakasirika. Soma mitihani yako, ukija tutaongea yote.

Endelea kutembea, tafadhali.

Dufie


Zahanati ya Chuo
25 Mei 1997

Dufie,

Nakutumia barua hii kwa mkono wa karani anayepitia huko, maana posta itachelewa.

Kaka yako ameacha kwenda bustanini. Selorm amekuja kuniambia. Nimemfuata bwenini mwenyewe, nikamkuta amelala amegeukia ukuta, barua yako iko sakafuni. Nikamwambia, "Inuka, twende pamoja, hata mimi magoti yanahitaji mazoezi." Akasema, "Sista, nimeombwa niendelee kutembea kama mtu anavyoombwa aendelee kukaa nje."

Nilikaa kitandani kwa Selorm. La kumwambia ninalo, ila nimefungwa mdomo. Katika kazi yangu yote sijawahi kukaa mbele ya mgonjwa na dawa yake mkononi nisimpe.

Nhyira na Selorm wanakwenda bustanini wawili. Wanapita chini ya dirisha lake wakimwita.

Mwonyeshe mjomba wako barua hii. Mwambie tangi si kitu pekee ambacho mtu anaweza kupanda akakataa kushuka.

Esaaba


Berekum
30 Mei 1997

Sista,

Nimemwonyesha. Kwa vile macho yake hayaoni vizuri nilimsomea, nikasoma na ile barua ya Ofosu kwa mama, yote, kwa sauti, bila kuruka neno. Shangazi zangu walitoka nje mmoja mmoja. Mjomba alikaa. Mwisho akaniambia, "Nilifikiri nimemfungia mlango wa mauti. Kumbe nimemfungia na wa mama yake."

Amesema si jambo la kuandikwa wala kusemwa na muuguzi. Atakuja mwenyewe kumwambia, kabla ya mitihani. Anaondoka kesho alfajiri, na barua hii anakuletea yeye.

Nimeomba twende wote. Amekataa, kwa sababu mtu lazima abaki nyumbani na wafiwa. Naomba uwe karibu.

Dufie


Chuo Kikuu
1 Juni 1997

Dufie,

Barua hii anakuletea Mjomba. Sikutaka kukaa naye gari moja. Nitakuja na Selorm keshokutwa.

Nataka ujue ilivyokuwa, kwa sababu yeye hatakusimulia.

Alifika kabla ya chai, amevaa shati jeupe, nguo ya safari tu, si ya msiba. Nilimpa kiti, nikampa maji, nikamwuliza kama desturi: "Huku kwetu kwema, Mjomba, msafiri ndiye mwenye habari." Akanywa, akajibu kama desturi: "Nitokako kwema, sikuja na baya." Mdomo ulijibu wenyewe. Nilimwona anavyoshtuka kusikia alichokisema, kama mtu aliyekanyaga mwiba nyumbani kwake. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Basi akasema, "Nionyeshe hiyo bustani inayosifiwa." Niliinuka kwa heshima tu. Tukazunguka. Sista Esaaba alikuwa nyuma yetu mbali kidogo, nikadhani anafurahi kuniona nimetoka. Mjomba akawa ananiuliza majina ya miti. "Huu mti gani?" Namjibu. "Na huu?" Namjibu. Tukamaliza njia yote, akasema turudie. Tukafika kwenye ule mvule mkubwa, akaweka kiganja kwenye gome, akauliza, "Na huu, mwanangu, ni mti gani?"

Nikamwambia, "Mjomba, umekata mivule na kupasua mbao maisha yako yote. Unaniuliza mimi?"

Akasema, "Nimesahau."

Hapo nikajua. Sikujua imekuwaje, lakini nilijua ni mama. Nikamwuliza, "Lini?" Akasema, "Aprili." Kisha akakaa kwenye mizizi, mtu mzima yule, akalia na shati lake jeupe.

Aprili, Dufie. Aprili ndio mwezi niliokuwa na furaha kuliko yote. Kila asubuhi nilikuwa nazunguka mle nikimsimulia mama ndege na majani, nikijiona nimepona, naye yuko kwenye barafu Sunyani. Ninyi nyote mlijua. Yeboah alijua. Sista alikuwa ananiambia vizuri, mwanangu.

Mjomba amenieleza pia kwa nini mama hakuja kituoni. Amesema ulimwambia. Nimemsikia. Neno limeingia masikioni, sijui limekwenda wapi.

Sikukasirikii wewe. Au nakukasirikia, sijui, nitajua nikikuona. Lakini bustani ile siwezi kuingia tena. Nikisikia mianzi tu naona nilivyokuwa mpumbavu. Kitu kimoja kilichokuwa kinanisaidia, mmenitembezea mle maiti bila kuniambia.

Ofosu


Berekum
20 Julai 1997

Shikamoo Sista Esaaba,

Tulimzika mama mwezi wa sita, hatukungoja tena Julai. Watu walikuwa wengi, wenzake wa sokoni walifunga vibanda wakaja wote na nguo nyeusi na nyekundu. Wale wale waliosema wazimu ndio waliomshika Ofosu mkono. Hakuwakataa. Alifanya kila alichoambiwa: simama, mwaga udongo, keti, kula. Selorm alikuwa kando yake siku zote tatu, akisema upuuzi wake kwa sauti ya chini, na nadhani Ofosu alimsikia yeye tu. Kisha Selorm ikabidi arudi kwenye mitihani.

Mitihani ya Ofosu ndiyo hiyo imepita. Chuo kimesema anaweza kuifanya mwakani. Nilipomsomea habari hiyo alisema, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha.

Sasa ni hivi, Sista. Hapandi popote, hapigi kelele, hamtukani mtu. Amelala. Mchana analala, usiku najua hajalala kwa sababu namsikia anageuka. Chakula anakula akiletewa. Juzi nilimwuliza kama mchuzi una chumvi, akasema hajui.

Mjomba anakuja kila siku, anakaa kwenye kiti nje ya mlango wake, hagongi. Akiondoka ananiuliza, "Amesema kitu?" Namwambia hapana. Amekonda. Jana aliniuliza kama hapa Berekum kuna mahali panafanana na ile bustani, apafyeke, apande mianzi. Nilimwambia mianzi hiyo hiyo ndiyo asiyoitaka. Akatikisa kichwa akaenda, na sijui kama alinielewa.

Mimi nimejaribu. Wiki iliyopita nilimshika mkono nikamwambia, "Twende tu mpaka mtoni, usinisemeshe." Alikuja. Tulipita nyuma ya shule, kwenye mashamba ya kakao, majani makavu yanalia chini ya miguu. Nilimwona anapumua. Nakuambia kweli, Sista, nilimwona bega linashuka. Nikafurahi, nikafungua mdomo nikasema, "Unaona?" Hapo hapo akageuka, akarudi nyumbani peke yake, mbio mbio, akafunga mlango.

Tangu siku ile kila asubuhi kabla ya kwenda dukani navaa viatu nasimama mlangoni kwake. Siku nyingine hata hajibu hodi. Leo alifungua, ameshavaa ndala. Akanitazama. Nikanyamaza, maana nimejifunza. Tukasimama hivyo, yeye ndani, mimi nje, mpaka majirani wakaanza kufagia. Akasema, "Dufie, nikitembea nitajisikia vizuri." Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Ndicho ninachokiogopa," akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Mimi ni mshonaji tu, Sista. Nguo ikichanika najua pa kuishika. Yeye sijui nimshike wapi. Kesho nitavaa viatu nisimame tena. Akifungua, niambie: nimvute mkono, au nimngoje?

Wako,
Dufie